Uwanja Tuliokuwa Tunaufagia

Siku nyingine za wiki mume wangu nilikuwa namwamsha kwa kumbembeleza, kama mgonjwa. Jumamosi alikuwa ananitangulia. Nikimaliza swala ya alfajiri, nageuka namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, fimbo iko mapajani, amevaa koti lake la kijani la bodaboda, ananiuliza, "Madumu umeshatoa nje?" Nikimwambia bado, anaguna, anainama mwenyewe kuitafuta kamba yake chini ya kitanda, na mimi najua leo atakula chakula chote, atacheka, na akilala hatageukia ukuta.

Anayetaka kujua kwa nini nina kinyongo na habari ya ule uwanja, aanzie hapo. Wengine walipoteza mchezo. Mimi nilipoteza zile Jumamosi, na humohumo nikampoteza mume anayecheka.

Nyonga yake ilivunjikia Mikumi, barabara kuu, lori lilipomfuata upande wake akiwa amepakia abiria. Haikuvunjikia uwanjani. Nalisema hili kila mahali, maana watu wakimwona anavyochechemea wanatikisa kichwa, wanasema ndiyo faida ya mashindano hiyo. Uwanjani alianguka mara nyingi tu ujana wake, akainuka, akajipangusa vumbi, akacheka. Barabarani alianguka mara moja.

Uwanja wenyewe uko nje kidogo ya mji wa Kilosa, kwenye shamba la zamani la mkonge. Babu yake mume wangu aliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge hapo, akafia hapo, akazikwa hapohapo, kwenye makaburi yaliyo nyuma ya uwanja. Enzi hizo palikuwa mahali pa kuanikia singa, zile nyuzi za mkonge. Shamba lilipokufa, watu waling'oa nguzo na nyaya wakaenda kujengea mabanda, pakabaki peupe, parefu, pameviringika pembeni kama sinia. Hakuna aliyepalima. Udongo ulishashindiliwa na miguu ya vibarua kwa miaka na miaka, ukipiga jembe linadunda.

Vijana wa bodaboda ndio walioona kwamba pale panafaa. Mahindi yakishavunwa, watu wana nafasi, mvua hakuna, wakaanza kushindana. Wanaingia wanne wanne, wanazunguka mara nne, wanakata kushoto tu. Breki ya mbele wanaifungua kabisa, maana ukiishika kwenye kona inakurusha juu ya usukani. Mguu wa kushoto wanavaa katambuga la tairi lililopigiliwa chuma chini. Huo ndio mguu unaoburuzwa wakati pikipiki imelala ubavu na tairi la nyuma linatupa udongo juu kama kuku anayeparua. Hakuna aliyewafundisha. Walianguka mpaka wakajua.

Mume wangu alipoumia, mwaka mzima hakutaka hata kusikia mlio wa pikipiki. Halafu vijana wakaja nyumbani, wakamwambia wamechoka kugombana nani kaanza kabla ya mwenzake, wanataka mtu ambaye hawezi kubishiwa. Wakampa kamba. Kichwa kimoja kinafungwa kwenye nguzo, kingine anakishika yeye, amekaa juu ya kreti la soda. Pikipiki nne zinajipanga nyuma ya kamba, anasikiliza injini mpaka zilingane, anaiachia. Basi. Kazi yake yote ilikuwa hiyo, na sijawahi kuona mtu anaifanya kazi yake kwa heshima vile.

"Shemeji, leo umechelewa kuachia," kijana atalalamika akishindwa.

"Pikipiki yako ndiyo iliyochelewa kuzaliwa," mume wangu atamjibu. "Nenda kaiulize mama yake."

Watu wanaangua kicheko, yule kijana mwenyewe naye anacheka.

Kazi yangu mimi ilikuwa maji. Mimi na akina mama wengine tulikuwa tunachota kisimani, tunapakia madumu kwenye guta, tunamwagilia uwanja kwa madebe yaliyotobolewa matundu chini. Usipomwagilia, vumbi linakuwa ukuta, mtu wa nyuma haoni kitu. Ukizidisha, unatengeneza tope, pikipiki inaganda, mtu anaruka. Tunamwagilia asubuhi kwa wingi, tunaacha ardhi inywe, halafu baada ya adhuhuri tunanyunyiza kidogo tu. Napima kwa kisigino. Nikikanyaga, udongo unatakiwa uukumbuke mguu lakini usiushike. Kona ya pili ilikuwa inakauka haraka kuliko nyingine kwa sababu ya upepo, na mume wangu kutoka kwenye kreti lake alikuwa ananinyooshea fimbo kunikumbusha kama vile sijui.

Walikuwepo waliosema. Eti mama wa watu, na ushungi wake, anamwagilia pikipiki maji. Niliwajibu kwamba maji si haramu. Vijana walikuwa wanaanza baada ya alasiri, na adhana ya magharibi ikisikika, injini zinazimwa zote, hata kama watu wako katikati ya mzunguko. Wengi walikuwa wanaswali palepale pembeni, mafuta mikononi, wanatawadha kwa maji yangu yaliyobaki. Wasiokuwa Waislamu wanakaa kimya wakisubiri. Nimeona misikiti yenye fujo kuliko uwanja ule.

Na tulikuwa tunafagia. Hili nalieleza vizuri kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Njia ya kwenda makaburini inakatiza katikati ya uwanja. Ndiyo njia ya siku zote, tangu enzi za mkonge. Pikipiki zikishazunguka jioni nzima, zinaacha mifereji na vishimo. Sasa fikiria watu wamebeba jeneza mabegani, wanakwenda haraka kama inavyotakiwa, mmoja anaingiza mguu kwenye mfereji wa tairi. Maiti wa watu aanguke kwa sababu ya michezo yetu? Hatukukubali. Kila mashindano yakiisha, kabla ya kwenda nyumbani, wanawake wanapita na reki na mafagio ya miti, wanaume wanashindilia kwa mbao, tunafukia mifereji yote. Matairi mabovu tuliyopanga kuonyesha mpaka tunayabeba. Nguzo ya kamba tunaing'oa. Ukipita kesho yake hutajua kama kuna kitu kilifanyika. Tulikuwa tunajivunia hilo. Watu walikuwa wanatusifu msikitini.

Bibi mmoja wa karanga ndiye aliyekuwa mshabiki wetu mkubwa, kwa umri na kwa mdomo. Alikaa kwenye jiwe lake kona ya pili, kwenye vumbi lenyewe, ungo wa karanga ameufunika kwa khanga. Ukimwambia asogee, anasema, "Kama sijala vumbi sijaja." Vijana wote aliwaita wajukuu zake na wote aliwasema.

"Wewe mjukuu wangu, hiyo pikipiki unaiendesha au unaisindikiza?"

"Shikamoo, bibi. Leo nakuletea ushindi."

"Marahaba. Niletee sabuni kwanza, hilo shati lako linanifukuzia wateja."

Kiangazi kimoja akatokea mzee wa Kiingereza. Alikuwa anakaa Mikumi, amekuja kwa kazi ya pampu za visima, na siku hiyo alikuwa Kilosa akasikia mlio, akaufuata kwa miguu. Alikuwa anaongea Kiswahili cha kitabuni, taratibu, lakini adabu anayo. Vijana walipomwamkia aliitikia marahaba sawasawa. Akamwona kijana mmoja amevua katambuga lake la chuma. Akaliomba, akaligeuza, akakaa chini kwenye udongo na suruali yake safi.

"Nani aliwafundisha kitu hiki?" akamuuliza mume wangu.

"Kufundishwa nini, mzee? Kona inajifundisha yenyewe. Ukianguka umesoma."

Yule mzee akatuambia kwamba kwao upo mchezo huuhuu. Watu wanne, mizunguko minne, kushoto, pikipiki hazina breki, kiatu cha chuma mguu wa kushoto, na kamba mbele. Baba yake alikuwa anampeleka akiwa mdogo, amembeba mabegani, na yeye ameushabikia mpaka uzee huu. Mume wangu alimwangalia muda mrefu, kisha akasogea kwenye kreti, akampa nafasi ya kukaa. Sijawahi kumwona akimpa mtu mwingine kreti lile.

Tulimuuliza huko kwao mambo yakoje, tukitegemea kusikia raha. Alisikitika. Alisema klabu nyingi hazina uwanja wao, zinapanga. Mwenye uwanja akipata mtu wa kujenga nyumba, anauza, klabu inabaki na bendera tu. Mvua nayo inaharibu, watu wamesafiri kutoka mbali, wanafika wanaambiwa leo hakuna. Waendeshaji wanahama, mmoja leo yuko klabu hii, keshokutwa yuko nyingine, mpaka mshabiki hajui amshangilie nani. Na washabiki wenyewe ni wazee kama yeye, kila mwaka wanapungua, wajukuu wanakaa na simu. Uwanja wa klabu yake walikuwa wanatumia kwa zamu na mbwa.

"Mbwa?" bibi wa karanga akauliza.

"Mbwa wa mashindano, bibi. Wanamkimbiza sungura."

"Sungura wa kweli?"

"Hapana. Sungura wa bandia."

Bibi akamwangalia kwa huruma kabisa. "Mjukuu wangu, nyie mna shida kuliko sisi," akasema, akamchotea karanga za bure.

Lakini lililonikaa kichwani ni jingine. Alisema pembeni ya uwanja wao zilijengwa nyumba mpya, na waliozinunua ndio walioanza kulalamikia kelele.

"Hawa walionunua," nikamuuliza, "siku waliyokuja kuangalia nyumba hawakusikia mlio?"

"Walikuja Jumatatu, mama," akajibu.

Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja tumefika na maji, tukakuta vigingi vimepigwa uwanjani, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Mume wangu akaviangalia, akaniambia niende kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kitu chochote. Nilimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Karibu chai."

"Nashukuru. Nimekuja kuuliza habari ya vigingi pale uwanjani."

"Ah, vipimo tu vile. Nyie endeleeni na michezo yenu."

"Vipimo vya nini?"

"Mama, kila kitu utaambiwa kwenye mkutano. Mbona una haraka?"

Mwenyekiti huyu nilikuwa namfahamu tangu zamani. Mwanzoni mwa mashindano alikuwa anakuja, anakaa mbele, anakula karanga za bibi kwa mkopo wa maneno matamu. Nilirudi uwanjani nikawaambia vijana tuendelee, lakini moyo wangu ulikuwa umeshakaa vibaya.

Mkutano ulifanyika shule ya msingi, darasa lilelile nililosomea jioni. Mimi niliolewa mapema, kusoma nimesomea ukubwani, jioni baada ya kazi za shamba, nimekaa na akina mama wenzangu kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa ubao wa dawati. Darasa lile ndimo nilimojifunza kusimama na kuongea mbele ya watu. Nilikaa kwenye dawati langu la zamani nikijipa moyo. Mume wangu alikaa pembeni yangu na fimbo yake. Alikuwa amenyoa ndevu.

Mwenyekiti akasema amepatikana mwekezaji, anataka eneo la wazi kule kwenye shamba la zamani, ajenge ghala la mazao, na kijiji kitafaidika. Akasema pia kwamba kuna waumini wamelalamika kwamba pikipiki zinawasumbua kwenye ibada.

Nilisimama. "Mwenyekiti, mimi ni muumini. Tuulizane hapa. Kuna mtu amewahi kusikia injini wakati wa adhana?"

"Mama, si wewe peke yako unayesali."

"Ndiyo maana nauliza wote."

Watu ambao tumeswali nao pembeni ya uwanja ule walikuwa wanaangalia miguu yao. Nilijua mwenyekiti ameshaongea nao. Lakini hiyo habari ya ibada iliniuma kuliko yote. Kama mnataka ardhi, semeni mnataka ardhi. Msiichukue swala yangu mkaifanya panga la kunikatia.

Akasimama bwana ardhi, kijana wa heshima tu, amevaa shati la mikono mirefu. Akasema yeye hana ugomvi na mtu. Yeye alikuja mwenyewe kukagua, alikuja mara mbili, na alichokiona ni eneo lisilo na matumizi.

"Sikuona jengo," akasema. "Sikuona mti wala uzio. Mnasema ni uwanja wa mashindano, sawa, lakini hata alama ya tairi sikuiona. Ningeandika nini?"

"Ulikuja siku gani?" nikamuuliza.

"Siku ya kazi, mama. Serikali haifanyi kazi Jumamosi."

"Alama hukuziona kwa sababu tunafagia."

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka puani, na darasa zima likafuata.

"Mama," mwenyekiti akasema, anajizuia, "mnafagia kiwanja cha pikipiki?"

"Ni njia ya jeneza. Hata wewe unajua. Baba yako amepita pale."

Kicheko kilipungua kidogo, hakikuisha. Nilimwangalia mume wangu nikitaka anisaidie neno. Alikuwa amekaza macho kwenye ubao kama mtoto aliyepewa hesabu ngumu. Tukatoka, tukafika karibu na nyumbani. Akasema, "Tungeacha hata yale matairi."

"Tungeacha, jeneza lingepita wapi?"

"Najua," akasema. "Nasema tu."

Nilimtumia yule mzee wa Kiingereza ujumbe wa sauti, maana alikuwa ameshaondoka Mikumi kurudi kwao. Nikamweleza yote. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba kosa ni letu, ni ujinga wetu wa kufuta nyayo zetu wenyewe. Jibu lake lilikuja kesho yake, sauti imechoka. Akasema na kwao wameshafungiwa. Picha akanitumia: tingatinga ya njano, na nyuma yake ngazi za zege wanazokaa watu, zimevunjwa nusu.

"Sisi tulikuwa na jukwaa, mama," akasema. "Tulikuwa na taa, na geti, na jina kubwa ukutani. Kila mtu aliona kwamba uwanja upo. Waliuchukua vilevile."

Sikujua kama ananifariji au anazidi kunikata. Nilimsikilizisha mume wangu. Akasikiliza, akaomba nirudie, kisha akaniambia nizime.

Tulipewa ruhusa ya kufanya mashindano ya mwisho kabla ya uzio. Watu walijaa siku hiyo kuliko siku zote, na hiyo nayo ilinikera, maana wengi wao siku ya mkutano hawakuonekana. Wamekuja na simu kupiga picha. Mwenyekiti hakuja. Bibi wa karanga alikaa kwenye jiwe lake, akamtukana kila aliyepita. Mume wangu aliachia kamba kwa mara ya mwisho kama alivyoiachia siku zote, bila kuichelewesha, bila kuonyesha kitu. Yule aliyeshinda aliwasha taa akapita mbele yake taratibu, akainamisha kichwa.

Mashindano yalipoisha nilichukua reki yangu. Kijana mmoja akaja akanishika mkono.

"Mama, leo acha. Waje waone mifereji. Waone kwamba tulikuwepo."

Wengine nao wakasema acha, acha, hata wanawake wenzangu. Nilielewa. Hata mimi mkono ulikuwa mzito. Lakini uzio ulikuwa bado haujawekwa, na kifo hakisubiri uzio. Kesho yake angeweza kufa mtu.

"Simfagilii mwekezaji," nikawaambia. "Njia bado ni njia."

Nikaanza kona ya kwanza. Bibi akainuka kwenye jiwe, akachukua fagio. Kisha wakaja wengine, wanaume wakaleta mbao. Tulifukia kila mfereji. Mume wangu alikaa kwenye kreti mpaka tulipomfikia, akasimama, tukafagia pale alipokuwa amekaa.

Wiki ileile seng'enge zikazungushwa.

Vijana hawakukata tamaa, hilo nawapa haki yao. Mmoja wao ana ndugu Mikumi mwenye kiwanja nyuma ya maegesho ya malori, wakahamia huko. Kitu cha kwanza walichofanya, kabla hata ya kuwasha pikipiki, walipanda minyaa pembeni yote na kujenga nguzo ya zege ya kufungia kamba. Wamejifunza. Lakini Mikumi si Kilosa. Washabiki wetu ni watu wa jembe, hawawezi kupanda gari kila Jumamosi kwenda kuangalia pikipiki. Wanaokuja ni madereva wa malori wanaosubiri zamu, wanaangalia mzunguko mmoja, wanaenda kulala. Na sasa nasikia wameambiwa kelele zinawasumbua wanyama wa hifadhi, wafikirie kuhama tena.

Mume wangu alikwenda mara moja. Barabara ilimtikisa nyonga mpaka aliporudi nilimshusha kwenye gari kama gunia. Siku mbili alikuwa anaumwa. Vijana wakapata mtu mwingine wa kamba, kijana wa hukohuko, na walikuja wenyewe kumweleza kwa adabu. Aliwapa mkono wote. Aliwaambia wasimwachie kamba mtu mwenye haraka. Walipoondoka akavua lile koti la kijani, akalikunja, akanipa niweke. Kamba yake ipo bado chini ya kitanda. Jirani aliniomba akafungie ndama, nikamwambia haipo.

Bibi wa karanga alifariki masika iliyopita. Aliishi jirani na sisi, kwa hiyo jeneza lilitokea nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sisi wanawake tulibaki uani, lakini mimi nilisogea mpaka mwisho wa nyumba, mahali ambapo ukiangalia unauona uwanja na seng'enge zake. Waliombeba walikuwa vijana wa pikipiki, wale wajukuu zake, wamekuja toka Mikumi na kanzu za kuazima. Walifika kwenye uzio wakakata kulia. Njia ya kuzunguka inapita kwenye mtaro wa zamani wa maji ya mkonge, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Niliona jeneza linainama upande mmoja. Niliona mtu wa mbele amepotea mpaka kiunoni. Mikono mingine ikalidaka, likanyanyuka, wakaendelea.

Mume wangu alikuwa nyuma yao, anachechemea na fimbo, hawezi kubeba. Aliporudi nilikuwa nimemwekea maji ya kunawa. Alinawa muda mrefu.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Hakuanguka," akasema. "Walimshika."

Ghala halijajengwa mpaka leo. Huyo mwekezaji hajaonekana tena, wengine wanasema ameuza, wengine wanasema anasubiri. Ndani ya seng'enge majani yamefika kiunoni, michongoma imeota mahali palipokuwa na kreti, na mbuzi wa watu wanapita chini ya waya kwenda kula. Siku moja nilimkuta mwenyekiti njiani, nikamwamkia, nikamwambia sasa amlete yule bwana ardhi aje aangalie, siku yoyote anayotaka, hata ya kazi. Aliniambia nina maneno mengi kwa mwanamke mswalihina. Namwombea, ila ni dua fupi.

Ijumaa tukienda msikitini tunapita pale, mimi na mume wangu, kwa sababu hakuna njia nyingine anayoiweza. Kila mara anasimama. Mimi namwacha asimame. Ijumaa iliyopita alishika waya kwa mkono mmoja, akaangalia ndani kwa muda, kisha akanyoosha fimbo juu ya uzio, kama zamani.

"Kona ya pili imekauka," akasema.

"Nimeiona," nikamwambia. "Twende, wanakaribia kuanza."